Kataribe, Hieda no Are na Kojiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu watu waliobeba hadithi za miungu na nasaba za wafalme wa Japani vichwani mwao, na yaliyotokea siku kalamu ilipowafikia. Majina ya Kijapani yameandikwa kwa utaratibu wao wenyewe: ukoo kwanza, jina la mtu baadaye.

Kataribe walikuwa watu gani?

Ni watu wa Japani ya kale ambao utumishi wao ulikuwa kusimulia kwa mdomo habari za miungu, za wafalme na za koo kubwa, kwa maneno waliyoyapokea kwa waliowatangulia. Ufalme wa Yamato ulikuwa na vikundi vya kurithi vilivyoitwa be, kila kimoja na kazi yake: wafinyanzi, wafumaji, wavuvi, walinzi. Kataribe walikuwa kikundi cha namna hiyo, ila walichopeleka kwa mfalme kilikuwa maneno.

Usiwafikirie kama chuo kimoja cha wazee wenye ndevu waliokaa ikulu. Walitawanyika mikoani, na kadiri serikali ilivyojipanga upya katika karne ya 7 wengi wao walibaki na jina tu. Daftari la mkoa wa Izumo la mwaka 739, lililoorodhesha wazee, wajane na yatima waliopewa nafaka ya serikali, lina watu wa ukoo wa Kataribe humo humo pamoja na wanakijiji wengine.

Hieda no Are naye alikuwa kataribe?

Kwa cheo, hapana. Dibaji ya Kojiki, kitabu cha mwaka 712 kilichotokana na yale aliyoyahifadhi, inamwita toneri, yaani mtumishi wa karibu wa mfalme. Karibu yote tunayoyajua juu yake yamo katika mistari michache ya dibaji hiyo: alikuwa na miaka 28, mwenye akili kali, alichokiona kwa jicho alikisoma kwa mdomo papo hapo, na kilichogusa sikio lake hakikumtoka moyoni. Basi. Hakutajwa mzazi, mke, mume wala kaburi.

Mfalme Tenmu, aliyetawala tangu mwaka 673 hadi 686, alimwamuru ajifunze kughani mambo mawili: mfululizo wa wafalme, na masimulizi ya zama zilizopita. Tenmu akafariki kazi haijakamilika. Ikapita robo karne. Ndipo Genmei, mke wa mwana wa Tenmu, aliyekalia kiti cha enzi mwaka 707, akamwagiza ofisa mmoja msomi, Ō no Yasumaro, aandike yale aliyoyahifadhi Are. Amri ilitoka siku ya 18 ya mwezi wa tisa mwaka 711. Kitabu kikakabidhiwa siku ya 28 ya mwezi wa kwanza mwaka 712, kikiwa magombo matatu. Ndicho Kojiki, yaani kumbukumbu za mambo ya kale, kitabu kikongwe kuliko vyote vya Kijapani vilivyosalia.

Piga hesabu na utaona kwamba Are alipoketi na Yasumaro alikuwa na umri wa kati ya miaka 53 na 66, kutegemea Tenmu alimwita mwaka gani. Kama alikuwa hai, bila shaka. Dibaji haisemi waziwazi kwamba wawili hao walikaa chumba kimoja, ingawa wachoraji wamewaweka pamoja mara nyingi.

Maandishi yalikuwepo tayari. Mtu wa kukariri alitakiwa wa nini?

Hapa ndipo wengi hujikwaa, wakidhani Japani ya Tenmu haikujua kuandika. Ilijua. Upanga uliofukuliwa katika kaburi la Inariyama, mkoani Saitama, una herufi 115 za Kichina zilizopachikwa kwa dhahabu, na mwaka wake unasomwa 471. Zama za Tenmu koo kubwa zilikuwa na vitabu vya nasaba na vya masimulizi majumbani mwao, na dibaji inataja jambo hilo kama chanzo cha tatizo. Kila ukoo ulikuwa na toleo lake, na mengi yalikuwa yamechanganywa na uongo.

Uongo wa nini? Wa cheo. Katika dola ile, swali la babu yako ni mungu yupi ndilo lililoamua unakaa wapi mbele ya mfalme. Tenmu mwenyewe alikipata kiti kwa vita vya mwaka 672, na mwaka 684 alizipanga upya daraja za koo zote. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiacha kila nyumba ijiandikie wahenga inaowataka. Kumbukumbu nyingine za ufalme zilikuwa zimeteketea tayari: ukoo wa Soga ulipoangushwa mwaka 645, Soga no Emishi alichoma moto vitabu vilivyokuwa nyumbani kwake, na karani mmoja, Fune no Esaka, akawahi kuokoa sehemu yake motoni.

Kwa hiyo agizo kwa Are halikuwa la mfalme mpenda ngano za bibi. Lilikuwa la siasa tangu mwanzo. Mwaka 681 Tenmu huyo huyo aliunda pia jopo la watu 12, wana wa kifalme na maofisa, waandike nasaba na mambo ya kale. Jopo kwa kalamu, mtu mmoja kwa mdomo: alitaka njia zote mbili.

Are alihifadhi kichwani tu, au alikuwa na vitabu mbele yake?

Wataalamu wamelumbana juu ya hili kwa miaka mingi. Motoori Norinaga, mwanazuoni wa karne ya 18, alisisitiza sauti: Tenmu alitaka maneno ya kale yatamkwe kama yalivyotamkwa. Wengi wa karne ya 20 na baadaye wanaona kwamba Are alipewa maandishi, na kazi yake ilikuwa kuyasoma kwa sauti, kuyarudia na kuthibitisha namna sahihi ya kuyasoma.

Mimi naona pande hizi mbili hazigombani kama zinavyodhaniwa. Herufi za Kichina zilibuniwa kwa lugha nyingine kabisa. Mfululizo mmoja wa herufi ungeweza kusomwa kwa Kijapani kwa njia tatu au nne, na jina la mungu likisomwa vibaya si jina lake tena. Aliyepita madrasa atalielewa jambo hili haraka: msahafu usio na irabu unamfaa yule tu ambaye tayari ameshasikia kisomo kutoka kwa mwalimu. Vitabu vya Tenmu vilikuwa hivyo. Vilihitaji mtu anayejua vinavyotamkwa, na bila mtu huyo vingebaki wino mtupu. Alichokibeba Are ni matamshi na mpangilio wa majina, na hivyo havikuwamo kwenye karatasi.

Yasumaro aliandikaje sauti kwa herufi zisizo na sauti ya Kijapani?

Kwa taabu, na aliungama katika dibaji. Alieleza kwamba ukiandika kwa kufuata maana ya herufi, maneno hayaufikii moyo. Ukiandika kila silabi kwa herufi inayofanana nayo kwa sauti, maandishi yanarefuka mno. Akachanganya. Sentensi moja ingeweza kuwa na vyote viwili, na palipokuwa na hatari ya kusomeka vibaya aliweka maelezo madogo pembeni.

Chukua mwanzo wa dunia. Nchi ingali changa, inaelea juu ya maji mithili ya mafuta, imetapakaa kama kiwavi wa baharini. Maneno ya kiwavi na kuelea yameandikwa silabi kwa silabi, na Yasumaro ameongeza maelezo: herufi kumi hizi zisomwe kwa sauti. Kisha miungu Izanagi na Izanami wanasimama juu ya daraja la mbinguni, wanateremsha mkuki wenye vito, wanaikoroga bahari, nayo inalia koworo koworo. Wanapouinua mkuki, matone yanayodondoka kwenye ncha yanaganda na kuwa kisiwa cha Onogoro. Hiyo koworo koworo ni tanakali ya sauti ya kukoroga maji mazito ya chumvi. Kwa maana haiongezi chochote. Mwandishi wa Kichina fasaha angeiruka. Yasumaro ameiandika kwa herufi saba, kisha akaandika chini yake: herufi saba hizi zisomwe kwa sauti. Ofisa wa serikali, mwaka 712, anahakikisha kwamba mlio wa maji hautapotea.

Kuna dogo zaidi ya hilo. Miungu wawili wa mwanzo, kaka na dada, wanaitwa Uhijini na Suhijini. Kando ya silabi ya mwisho ya kila jina ipo alama ya kupanda au kushuka kwa sauti, moja tofauti na nyingine. Alama kama hizo zimetapakaa hapa na pale kitabuni. Hakuna sababu ya kuziweka kama hukuwa na mtu masikioni mwako.

Nyimbo, ambazo ni zaidi ya mia moja, zote ameziandika kwa sauti tupu. Alichokiacha bila kukigusa ni majina yaliyokwisha kuzoeleka kimaandishi, kama Kusaka na Tarashi, ambayo herufi zake hazilingani kabisa na matamshi. Aliyaacha hivyo kwa sababu kila mtu aliyajua.

Miezi minne ilitosha kuandika kitabu kizima?

Kama ungelazimika kutafuta habari upya, hapana. Kama habari zilishapangwa na kuhakikiwa, na kazi iliyobaki ni kuchagua herufi, inawezekana. Muda huo mfupi ni mojawapo ya sababu za kuamini kwamba yapo maandishi yaliyotangulia.

Nitajuaje kwamba andiko fulani limetoka mdomoni mwa msimulizi?

Tafuta marudio. Mfano mzuri kuliko yote haumo katika Kojiki. Umo katika Fudoki ya Izumo, maelezo ya mkoa huo yaliyokamilika mwaka 733. Mungu Yatsukamizu Omitsuno anatazama nchi ya Izumo, anaiona nyembamba kama kitambaa kilichokatwa kidogo, anaamua kuiongezea. Anatazama ng'ambo, hadi Silla katika rasi ya Korea, kuona kama kuna ardhi iliyozidi. Ipo. Basi anashika jembe pana kama kifua cha mwali, analichoma ardhini kama achomwavyo samaki mkubwa matamvuani, anakata pande la nchi, analitupia kamba ya nyuzi tatu, anavuta kuruya kuruya, linakuja mosoro mosoro kama mtumbwi wa mtoni: nchi njoo, nchi njoo!

Anavuta mara nne, kutoka pande nne, na mara zote nne maneno ni yale yale, jembe lile lile, samaki yule yule, mtumbwi ule ule. Kinachobadilika ni jina la mahali tu. Karani anayeandika kwa ajili ya macho angeandika "akafanya vivyo hivyo". Msimulizi hawezi, kwa sababu marudio ndiyo yanayompa pumzi ya kukumbuka jina linalofuata, na ndiyo yanayowafanya wasikilizaji waitikie. Kamba alizotumia mungu zikawa fukwe ndefu za mchanga, na vigingi alivyozifungia ni milima miwili, Sanbe na Daisen, ambayo hadi leo ukisimama Izumo unaiona kila mmoja upande wake.

Dalili nyingine ni kibwagizo. Katika Kojiki, mungu Yachihoko anapombembeleza Nunakawa-hime usiku mlangoni kwake, na yeye kumjibu kutoka ndani, nyimbo zinafungwa kwa maneno yenye maana ya "hivi ndivyo masimulizi yanavyosimulia". Hayo si maneno ya wapenzi. Ni ya mtu anayesimulia, akijitokeza kidogo nyuma ya pazia.

Yupo kataribe hata mmoja tunayemjua kwa kisa chake?

Yupo, na kisa chake kinatisha. Fudoki hiyo hiyo ya Izumo inamtaja Katari no Omi Imaro, mtu wa ukoo ulioongoza wasimulizi, mkazi wa Yasugi. Mwaka 674, siku ya 13 ya mwezi wa saba, binti yake alikuwa akitembea kwenye rasi ya Himezaki akakutana na papa, akauawa.

Imaro alimzika ufukweni. Hakuondoka. Alilia usiku na mchana, akizungukazunguka pale pale, kwa siku kadhaa. Kisha akanoa mishale na mikuki, akapiga magoti, akaiita miungu: ya mbinguni milioni kumi na tano, ya ardhini milioni kumi na tano, na ile ya mahekalu 399 ya mkoa. Alidai haki. Baada ya muda papa zaidi ya mia wakaja taratibu wakimzunguka papa mmoja, wakamsogeza hadi karibu yake, wakasimama. Imaro akamchoma mkuki yule wa katikati. Wale mia wakatawanyika. Alipompasua tumbo ukatoka muundi mmoja wa binti yake. Akamkata papa vipande, akavitundika kwenye kijiti kando ya njia.

Andiko linamalizia kikarani kabisa: huyu ndiye baba wa Katari no Omi Atau, na tangu siku ile hadi leo imepita miaka 60. Mwana yungali anakumbukwa kwa jina, mwezi na siku vimetajwa, idadi ya mahekalu imetajwa. Mimi nikisoma yale maombi yenye hesabu ya miungu naona mtu aliyeomba kwa ufundi wake wa kazi: alijua majina, alijua namna ya kuyaita.

Walighani wapi, na mbele ya nani?

Palipojulikana zaidi ni Daijōsai, ibada kuu ya mavuno ambayo mfalme mpya huifanya mara moja tu katika utawala wake. Engishiki, kitabu cha taratibu kilichokamilika mwaka 927, kinaorodhesha kataribe wa kuletwa: Mino 8, Tajima 7, Izumo 4, Inaba 3, na wawili wawili kutoka Tanba, Tango na Awaji. Jumla 28. Waliingia kughani "maneno ya kale". Kitabu kingine cha taratibu za ikulu, cha zama za Heian (karne ya 9 hadi ya 12), kinasema sauti yao ilifanana na ya dua za ibada, na pengine ikaelekea kuwa wimbo.

Msibani pia palighaniwa. Tenmu alipofariki, mwili wake uliwekwa katika jengo la maombolezo kwa zaidi ya miaka miwili, watu wakija kutoa maneno ya kumuaga. Mwezi wa 11 mwaka 688, kabla ya maziko, Tagima no Chitoko alighani mfululizo wa wahenga wa kifalme jinsi walivyokalia kiti mmoja baada ya mwingine.

Maneno waliyoyaghani Daijōsai yamesalia?

Hayakusalia. Idadi yao tunayo, mikoa tunayo, hata mlio wa sauti tunao, maneno hatuna. Ibada yenyewe ingalipo, na ya mwisho ilifanyika Novemba 2019 kwa Mfalme Naruhito, lakini fungu la kataribe lilikufa zamani.

Ni kweli Are alikuwa mwanamke?

Inawezekana, haijathibitika. Hirata Atsutane, mwanazuoni wa karne ya 19, alilileta wazo hilo, na Yanagita Kunio, mtaalamu wa mila za Kijapani wa karne ya 20, akalitilia nguvu. Hoja yao ni ukoo: watu wa Hieda walihusishwa na Sarume, wanawake waliotoa ngoma na ibada ikulu, wanaojinasibu na mungu wa kike Ame no Uzume, yule aliyecheza mbele ya pango mpaka jua likatoka. Upande wa pili una hoja fupi na nzito: toneri ni cheo cha wanaume. Hoja ya cheo inanielemea zaidi, ingawa wapenzi wa Uzume hawatafurahi.

Na kama dibaji yenyewe ni ya kughushi?

Shaka hiyo ni ya zamani. Kamo no Mabuchi, mwalimu wa Norinaga, aliitilia mashaka dibaji, na historia rasmi ya karne ya 8 haisemi neno juu ya kukabidhiwa kwa Kojiki mwaka 712. Are naye hatajwi humo.

Januari 1979 mkulima aliyekuwa akichimba katika shamba lake la chai huko Konose, mashariki mwa mji wa Nara, aligonga kaburi. Ndani mlikuwa na mifupa iliyochomwa na kibamba cha shaba chenye maandishi: Ō no Yasumaro, mtaa aliokuwa akikaa katika mji mkuu, daraja yake ya utumishi, na tarehe ya kufa, siku ya sita ya mwezi wa saba mwaka wa saba wa enzi ya Yōrō, yaani 723. Kibamba hakisemi lolote kuhusu Kojiki, kwa hiyo hakifungi mjadala wa dibaji. Ila Yasumaro si mtu wa kubuniwa. Lugha ya kitabu nayo inasaidia: kinatofautisha silabi mbili za mo ambazo Kijapani cha baadaye kidogo kiliacha kuzitofautisha, jambo gumu kwa mghushi wa karne ya 9.

Basi yaliyosimuliwa ni historia ya kweli?

Usiyachukue hivyo. Jinmu, mfalme wa kwanza katika masimulizi, amepewa miaka 137 ya kuishi. Sujin, wa kumi, 168. Wafalme wa pili hadi wa tisa wana majina, wake, watoto na makaburi, lakini karibu hawana tendo hata moja. Aliyetafiti mambo haya kwa ukali, Tsuda Sōkichi, alipigwa marufuku vitabu vyake mwaka 1940 na kuhukumiwa mwaka 1942, kwa sababu serikali ya vita ilitaka hadithi ya Jinmu iwe tarehe ya kweli.

Pamoja na hayo, tazama tena upanga wa Inariyama. Mwenye upanga anajitaja kuwa mtumishi wa mfalme Wakatakeru, na anaorodhesha ukoo wake vizazi vinane kuanzia mhenga aitwaye Ohohiko. Kojiki, iliyoandikwa miaka zaidi ya 240 baadaye na mtu ambaye hakuuona upanga huo, inamwita mfalme wa wakati ule Ōhatsuse no Wakatakeru. Na inaye mwana wa mfalme aitwaye Ōbiko aliyetumwa kutiisha nchi za kaskazini. Umri na miaka vilivurugika, majina yakavuka. Ndivyo nasaba ya kughaniwa inavyofanya kazi: haina kalenda, ina foleni.

Mbona Nihon Shoki inasimulia tofauti?

Nihon Shoki, historia rasmi ya ufalme, ilikamilika mwaka 720, magombo 30, kwa Kichina na kwa macho ya wasomi wa nje pia. Katika sehemu ya miungu inaweka simulizi moja, kisha inaongeza "andiko moja lasema", tena na tena, matoleo yakipingana bila aibu. Ukitaka kujua wasimulizi walikuwa wangapi na hawakukubaliana kiasi gani, soma hayo. Kojiki ilichagua sauti moja ikanyamazisha nyingine.

Kuna aliyelalamika kwamba maandishi yameua kumbukumbu?

Imbe no Hironari, mwaka 807, akiwa na zaidi ya miaka 80. Anasema zamani pasipo maandishi wakubwa kwa wadogo, wazee kwa vijana, walipokezana kwa mdomo na hawakusahau. Maandishi yalipokuja watu wakaacha kuongelea ya kale. Mzee huyu alikuwa na lake, maana ukoo wa Imbe ulikuwa ukisukumwa pembeni na ukoo wa Nakatomi katika ibada za ikulu, na alitaka masimulizi ya nyumbani kwake yaingizwe. Aliyaandika, bila shaka.

Kojiki ilisomwa na kila mtu tangu hapo?

Hata kidogo. Nihon Shoki ndiyo iliyofundishwa ikulu, Kojiki ikakaa pembeni kwa karne nyingi. Nakala yake kongwe iliyopo, ya hekalu la Shinpuku-ji mjini Nagoya, ilinakiliwa mwaka 1371 na 1372. Aliyeifufua ni Norinaga, tabibu wa Matsusaka, aliyeishughulikia tangu 1764 hadi 1798 na kuacha vitabu 44 vya ufafanuzi, akitafuta matamshi ya kila herufi. Hata hivyo herufi za kwanza kabisa za simulizi, zinazosema mbingu na nchi zilipoanza, bado wasomi hawazisomi kwa namna moja. Are angewasomea.

Biwa hōshi, waghani vipofu wa vita vya ukoo wa Heike, ni kataribe?

Ni wa zama nyingine, karne ya 13 na kuendelea, na walighani vita vya karne ya 12 kwa kinanda cha biwa. Hakuna uzi wa moja kwa moja. Ila mwaka 1371 mmoja wao, Kakuichi, aliamuru toleo lake liandikwe ili wafuasi wake wasigombane juu ya maneno, na sababu hiyo Tenmu angeielewa.

Nimesikia manusura wa Hiroshima wakiitwa kataribe. Ni wale wale?

Jina limeazimwa. Siku hizi Japani inamwita hivyo mtu anayesimulia hadharani yaliyompata, hasa manusura wa bomu la atomiki la 1945 mjini Hiroshima na Nagasaki. Kwa kuwa manusura wanazeeka, Hiroshima inawafundisha watu wengine kupokea ushuhuda wa mtu fulani na kuusimulia kwa niaba yake.

Nikifika Japani niende wapi?

Anza na Hieda, kijiji kilichozungukwa na handaki la maji katika mji wa Yamatokōriyama, mkoani Nara. Hapo pana hekalu la Meta, linalomwadhimisha Are, na tarehe 16 Agosti watoto hucheza ngoma yake. Kaburi la Yasumaro liko kwenye mteremko wa mashamba ya chai huko Konose. Njia ni ya kupanda, na basi ni la kusubiri. Upanga wa Inariyama unaonyeshwa Gyōda, Saitama, katika makumbusho ya makaburi ya Sakitama. Izunguke kabati ya kioo, kwa sababu herufi zimeandikwa pande zote mbili za upanga, na jina la Wakatakeru liko upande wa nyuma.